Pini ya Tano

Mwalimu Raya binti Salehe aliingizwa chumba cha picha saa nne za asubuhi, siku ya kumi na moja ya Mfungo Sita, mwaka wa elfu moja mia tano na tatu wa Hijra. Alikuwa amelala ndani ya ganda, na kilichoonekana kwake ni uso tu, umezungushiwa ushungi mweupe uliotapakaa vumbi jekundu la mlimani. Kiberenge kilichokuwa kikiwateremsha watu kwenda maulidini kilikuwa kimeacha njia kwenye kona ya tatu na kulala ubavu. Yeye ndiye wa saba kufikishwa hospitali. Wengine walikuwa bado wanachomolewa katika vyuma.

Midomo yake ilikuwa ikicheza. Bi Saumu Shekiondo, mpiga picha wa mionzi, alimwinamia apate kusikia, akakuta si kilio bali ni beti:

*Ya Rabi nipe subira,*
*nifunike kwa sitara,*
*nionyeshe njia bora,*
*nisimame kwa miguu.*

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Saumu.

"Marahaba, mwanangu. Unanijua?"

"Nani asiyekujua? Dada zangu wawili wamehitimu kwako. Endelea kusoma, lakini kwa moyo. Kidevu kisicheze."

"Kitachezaje, nanyi mmenitia saruji?"

Saumu akacheka, akamfunika miguu, akaenda nyuma ya ukuta wa kioo. Picha ilichukua muda wa pumzi tisa. Katika pumzi hizo zote mwanamke yule mwenye miaka sitini na saba hakupepesa hata ukope.

Ganda ni povu linalomiminwa juu ya majeruhi papo hapo alipoanguka. Kwa kitambo cha kuhesabu mpaka mia hugeuka gumu, likamshika kichwa, shingo na mgongo, asiweze kujigeuza wala kugeuzwa. Ndani yake hupita nyuzi za madini zinazolipasha joto na kuligandisha, pamoja na vifungo vinane vya kupima mapigo ya moyo. Limewaokoa wengi ambao zamani wangepooza njiani kwa kubebwa vibaya na mikono yenye nia njema. Lakini nyuzi zile zile zinazomlinda majeruhi huizuia mionzi. Picha mbichi ya mtu aliye ndani ya ganda hufanana na uso unaotazamwa nyuma ya pazia la shanga. Enzi za mbao za kubebea majeruhi na kola za plastiki, ambazo Saumu alianzia kazi, vifungo na mikanda navyo vilitia vivuli, ila mpiga picha mzoefu alijua kusoma pembeni mwa kivuli. Ganda halikuacha pembeni pa kusomea.

Ndipo akaletwa Mtakasaji. Mashine hiyo hulijua kila ganda kwa nambari yake, na kila uzi kwa mahali pake. Huufuta uzi katika picha, na pale uzi ulipokuwa hujaza mfupa unaopaswa kuwapo, kwa kipimo cha mifupa ya watu malaki waliopigwa picha kabla. Hujaza kwa ustadi hata jicho lisitambue mshono. Sheria nayo ikamwamini. Akiisha kutamka kwamba shingo ni salama, ganda hulegea lenyewe baada ya dakika ishirini, lioshwe na kurudishwa barabarani kwa majeruhi mwingine. Mkoa mzima ulikuwa na maganda tisa, na asubuhi ile manane yalikuwa na watu ndani.

Maandishi ya kijani yakajitokeza kiooni: *Shingo salama. Ganda litalegea saa nne na dakika thelathini na mbili.*

"Alhamdulillahi," alisema Saumu, akarudi kwa mgonjwa. "Mwalimu, mashine imesema u salama. Kitambo kidogo utakuwa huru."

"Alhamdulillahi. Basi niambie, mbona vidole vya mkono wa kushoto vinaniwaka, kama niliyemenya pilipili?"

"Ganda hubana, Mwalimu. Wengi huniambia hivyo."

Neno hilo lilimtoka kwa wepesi, kama litokavyo neno lililozoea njia. Na lilipokwisha kutoka, akamkumbuka mtu wa mwisho aliyemwambia. Miaka mitatu nyuma alikuwapo Tausi, msusi wa mikeka kutoka Pongwe, aliyelala kitanda hiki hiki na kulalamikia vidole hivi hivi. Saumu alimjibu kuwa ganda hubana. Ganda likafunguka, Tausi akaketi, akamshukuru kila mtu kwa jina. Asubuhi ya pili mikono yake haikuweza kufunga kishikizo. Hospitali ilisema ni uvimbe uliokuja baadaye. Saumu alisema ni kadari, akaswali rakaa mbili, akaendelea na kazi.

Alisimama pale mkono ukiwa juu ya shuka, haendi wala harudi. Kisha akarejea kwenye meza yake na kufungua ukurasa ambao hakuna aliyekuwa akiufungua, kwa kuwa ulikuwa mrefu na haukuwa na manufaa: orodha ya kila kitu alichokifuta Mtakasaji.

*Nyuzi, mia tatu na kumi na mbili. Vifungo, vinane. Pini za ushungi, tano.*

Hapana la ajabu. Hata hivyo, alipopita tena kitandani, alisema kama wasemavyo watu ili ukimya usiwe mzito: "Tukikufungua tutakutolea na pini zako tano, tukuwekee vizuri."

"Tano?" Mwalimu Raya alimtupia macho, maana macho ndiyo pekee aliyoweza kumtupia. "Za nani hizo? Mimi tangu niolewe navaa nne. Moja kidevuni, moja kila upande, na moja begani."

Saumu alimwinamia.

"Una yakini, Mwalimu?"

"Ya leo sina. Leo sikujivika kwa mkono wangu, una yabisi. Alinivika wifi yangu, na wifi yangu akishika pini hajui kuacha. Muulize yeye. Yuko nje huko, utamjua kwa kelele."

*

Bi Chausiku alikuwa kwenye benchi la ukumbini, mkono umefungwa bendeji, akimsimulia muuguzi jinsi kiberenge kilivyolala, kwa mara ambayo yaelekea haikuwa ya kwanza.

"Wewe ndiye wa picha?" alisema alipomwona Saumu. "Wifi yangu yu hai? Maana akifa atanilaumu."

"Yu hai, bibi. Nina swali moja, nalo naomba ulijibu kama unayeulizwa mbele ya kadhi. Leo asubuhi ulimbana pini ngapi?"

"Pini! Watu wanakatika miguu, nanyi mnauliza pini!"

"Ngapi, bibi?"

Bi Chausiku akauona uso wa Saumu, na mzaha ukamtoka. Akafumba macho, na vidole vya mkono mzima vikaanza kuvika ushungi hewani, kana kwamba mwanamke asiyeonekana amesimama mbele yake. "Hapa chini ya kidevu. Hapa kushoto. Hapa kulia. Hapa begani. Nikataka kumwongeza moja kisogoni, kwa sababu ya upepo wa mlimani. Akanipiga kikofi. Akaniambia, wifi, mimi si zulia la msikiti, usinipigilie."

"Akaikataa?"

"Akaikataa! Ulimsikia lini akikubali kitu changu? Nikaitia kwangu." Akaingiza kidole chini ya mtandio wake, nyuma ya sikio, akachomoa pini ndefu yenye kichwa cha lulu bandia. "Hii hapa. Zilikuwa tano kwenye karatasi. Nne anazo yeye."

Saumu aliipokea kiganjani na kuitazama. Tano za Mtakasaji, nne za ushungini. Basi kitu cha tano kilichofutwa shingoni mwa Mwalimu Raya hakikuletwa na wifi wala na duka lolote. Kilikuwa chembamba kama pini na cheupe kama pini, na kilikuwa chake mwenyewe.

*

Ilikuwa saa nne na dakika kumi na tisa. Saumu aliirudisha picha mbichi kiooni. Nyuzi zilijaa kama mvua ya masika, na ndani ya mvua ile alihesabu vijiti vitano vyeupe. Vinne vilikuwa mahali ambapo Bi Chausiku aliviweka hewani. Cha tano kilisimama nyuma ya pingili ya sita ya shingo, kimeelekea ndani, kwenye njia upitapo uti wenyewe.

Saumu ndiye aliyeufundisha mkono wa Mtakasaji kukifuta.

Alikumbuka siku ile kama mtu akumbukavyo sifa aliyosifiwa. Miaka tisa iliyopita, wakati mashine ilipokuja, wanawake walikuwa wakiteseka. Waokoaji wa barabarani wote walikuwa wanaume, na kwa stahi yao hawakuthubutu kumvua mwanamke ushungi mbele ya watu. Walimimina povu juu ya ushungi na pini zake. Mtakasaji, akizikuta pini, alizidhania ni vipande vya mfupa na kukataa kuifungua shingo. Wanawake walikaa ndani ya maganda saa nyingi wakati waume zao walikwisha kwenda nyumbani. Mmoja alivuliwa ushungi barabarani, na picha yake ikasambazwa. Ndipo Saumu alipokaa miezi minne baada ya kazi, akakusanya picha mia sita za wanawake, akamwonyesha Mtakasaji pini moja baada ya moja: hii si mfupa, ifute. Mashine ikajifunza. Funzo likasambazwa hospitali zote za pwani likiwa na jina lake. Mashekhe walimwombea dua. Kina mama walimletea halua.

Daktari Hizza aliingia huku akivua glavu. Alikuwa kijana mwenye mikono mizuri na usingizi mchache. "Mama Saumu, nasikia Mwalimu ametangazwa salama. Nalitaka ganda lake. Wamempata dereva, yu hai, na huko juu limebaki ganda moja kwa watu wawili."

"Ganda lake halitafunguka, Daktari. Tazama hapa."

Akamwonyesha kile kijiti, akamsimulia habari ya pini. Hizza aliinama kiooni mpaka pumzi yake ikatia ukungu.

"Yaweza kuwa uzi uliokunjika."

"Yaweza."

"Yaweza kuwa pini ya siku nyingine, imesahaulika ndani ya kitambaa."

"Yaweza pia. Na yaweza kuwa kibanzi cha mfupa, na ganda likilegea akaketi, kikaingia."

Hizza alijifuta uso. "Na vidole?"

"Vinamwaka."

"Basi weka kizuizi, ganda lisilegee. Upesi. Nitakitia sahihi sasa hivi." Akamtazama. "Unangoja nini?"

Saumu alikuwa akiitazama orodha ya sababu. Kizuizi hakikukubaliwa bila sababu, kwani siku za mwanzo watumishi waoga walikuwa wakiyashikilia maganda hovyo, na watu wakafa barabarani kwa kuyakosa. Mbele yake zilikuwapo tatu. *Hitilafu ya umeme*: nayo mashine ingeipima yenyewe na kuikanusha. *Mgonjwa alitikisika*: picha ingerudiwa, na habari ingeishia hapo. *Kasoro ya mafunzo*: Mtakasaji angelisahau funzo lile katika kila hospitali tangu saa hiyo, kila picha iliyopitia funzo hilo ingeitishwa na kusomwa upya, na barua ingekwenda wizarani na jina la aliyelifundisha, yaani Saumu.

"Andika alitikisika," Hizza alisema kwa upole, maana alikwisha kuelewa. "Tumwokoe kwanza. Hayo mengine tutakaa tuyazungumze, mimi na wewe, kwa utulivu. Mama Saumu, ulifanya jambo la kheri. Hakuna atakayekulaumu kwa nia yako."

"Na leo jioni akiletwa mwanamke mwingine?"

"Utakuwa hapa. Utamtazama kwa macho yako."

"Na hospitali nyingine kumi na nne? Huko macho yangu yako wapi?"

Hizza alitazama saa. Ilikuwa dakika ya ishirini na nne.

Na usimdhanie Saumu kuwa alifikiri juu ya jina lake tu, ingawa alilifikiria. Mwanadamu ni mwanadamu. Alifikiri pia juu ya yule aliyevuliwa ushungi barabarani. Akiandika la tatu, kesho asubuhi kila mwanamke atakayeanguka kati ya mlima na bahari ama atavuliwa mbele ya hadhara, ama atasota ndani ya ganda mpaka usiku. Sitara aliyoijenga kwa miezi minne ingebomoka kwa kidole kimoja. Ni mizani ya namna gani hii, alijiuliza, ambayo kila upande una mwanamke?

Kidole chake kikaenda kwenye sababu ya pili. Kikasimama juu yake.

"Mwanangu," sauti ilitoka kitandani. Pazia halikuwa limefungwa, na masikio ya mwalimu aliyesikiliza wanafunzi arobaini kwa pamoja hayakuwa yamepata ajali. "Mwanangu, hebu njoo."

Saumu akaenda.

"Nimesikia mnataka kuandika kuwa nimetikisika."

"Mwalimu, ni neno la kwenye mashine tu."

"Sikutikisika. Nilikuwa na kikohozi kimenikaba hapa, nikakimeza kwa ajili yako. Unataka kuandika jambo juu yangu ambalo sikulitenda, nami ningali hai nakusikia?"

Saumu alipiga magoti, uso wake ukawa sawa na uso wa yule mwanamke, akamweleza yote. Hakujitetea, wala hakurefusha. Alimweleza habari ya picha mia sita, na habari ya kijiti cha tano, na litakalowapata wanawake kesho.

Machozi yalimtoka Mwalimu Raya pembeni mwa jicho, yakateremka mpaka kwenye povu gumu, wala hakuwa na mkono wa kuyafuta, Saumu akamfuta.

"Kumbe kitu hicho kikisogea, sitasujudu tena," alisema.

"Huenda."

"Miaka sitini nimeweka kipaji chini. Sijui kusali kwa kope." Akavuta pumzi. "Sikiliza. Nilipoamka ndani ya ganda nikajikuta nimefunikwa, nilimshukuru Mungu, na nikamwombea aliyelifikiri jambo hili, nisijue kuwa ni wewe. Dua hiyo siirudishi. Lakini hebu nijibu. Waokoaji ni wanaume watupu. Miaka tisa. Mlishindwa kumpandisha mwanamke mmoja katika kila gari, akatutoa pini kwa mkono wake nyuma ya shuka?"

Lilikuwa swali ambalo mtoto angeliuliza. Saumu na wenzake waliliuliza mwaka wa kwanza, wakaambiwa lina taratibu ndefu. Kufundisha mashine isione kulikuwa kwepesi zaidi.

"Ilikuwa rahisi hivyo," alisema Saumu.

"Basi iandike ilivyo. Na barua ikienda huko wizarani, nami nitaandika yangu. Wataisoma wapende wasipende, nusu ya wake zao nimewachapa mimi."

Saumu alisimama. Alirudi kiooni akagusa sababu ya tatu, na pale palipoandikwa *Jina la mwalimu wa funzo* akaliandika lake kwa ukamilifu, na la baba yake. Daktari Hizza akatia sahihi. Saa ilikuwa nne na dakika ishirini na nane. Maandishi ya kijani yalizimika, na kwenye kifua cha ganda taa nyekundu ikawaka na kutulia.

"Dereva naye?" Saumu aliuliza.

"Ziko mbao za zamani stoo. Nani bado anajua kuzifunga?"

"Mimi. Na mzee Mbaruku wa gari la pili la waokoaji. Mwambie aanze na mikanda ya kifuani, kichwa kije mwisho. Kichwa kikitangulia, mwili ukiteleza shingo ndiyo itakayovutwa."

Hizza alitoka mbio.

*

Pazia lilifungwa pande zote nne. Bi Chausiku aliitwa ashike mkono wa wifi yake, na akaambiwa asiseme, akajitahidi.

Ganda lina kidirisha mbele ya koo na vingine viwili chini ya masikio, vilivyowekwa kwa ajili ya kuokoa pumzi. Kwa vidirisha hivyo Saumu aliingiza kibano kirefu. Alikuwa amesoma Bismillahi kwa sauti, na mgonjwa akaitikia kwa macho. Pini ya kidevuni ilitoka kwanza, ikalia ndani ya bakuli la chuma. Ya kushoto ikafuata, kisha ya kulia. Ya begani ilikuwa imepinda kwa kishindo cha ajali, na ilimchukua muda mrefu. Jasho lilimdondoka puani, naye akaliacha lidondoke.

"Nne," alisema.

"Nilikwambia," alinong'ona Bi Chausiku, kisha akaziba kinywa kwa bendeji.

Saumu hakuupangua ushungi. Pini zilikuwa zimetoka, na kitambaa kilibaki pale pale juu ya nywele zenye mvi, kimeshikwa na uzito wake tu.

Picha ya pili ilipigwa. Safari hii Saumu alimwamuru Mtakasaji asifute chochote, akaisoma kama alivyosoma zamani, kwa subira, uzi kwa uzi, kama asomaye maandishi yaliyomwagikiwa maji. Palipokuwa na vijiti vitano pakabaki kimoja. Kilikuwa nyuma ya pingili ya sita, chembamba, chenye ncha, na kati yake na uti hapakuwa na nafasi ya kupitisha unywele.

Alimwita Hizza, aliyerudi na udongo viatuni. Alitazama mara moja tu.

"Chumba cha upasuaji," alisema. "Ndani ya ganda hivyo hivyo. Tutalikata kwa nyuma." Kisha akainama kitandani, na sauti yake haikuwa ya daktari. "Mwalimu, tungekuketisha. Mimi mwenyewe ningekushika mkono nikuketishe."

"Lakini hukuniketisha," alisema Mwalimu Raya. "Nenda kanawe, mwanangu, una udongo."

Kitanda kilipoanza kusukumwa, Bi Chausiku alikikimbilia, mtandio ukimwanguka mabegani. "Wifi! Kumbe kikofi chako kimekuokoa!"

"Nikirudi nyumbani nitakuongezea," ilijibu sauti kutoka ndani ya ganda. Na milango ikafumba.

*

Adhana ya adhuhuri ilimkuta Saumu ameketi mbele ya kioo. Aliswali kwenye kona ya chumba, na aliposujudu alikaa chini kitambo kirefu, kipaji kikihisi ubaridi wa sakafu.

Alipoinuka, orodha ya picha za kusomwa upya ilikuwa imekwisha kufika. Wizara bado haikuandika neno, lakini mashine haingoji wizara. Wanawake elfu mbili mia tatu na kumi na sita, kila mmoja na tarehe yake, na idadi ya pini alizofutiwa. Wengi wao, bila shaka, walikuwa na pini tu. Haikujulikana ni akina nani walikuwa na kingine. Pembeni palikuwa na maelezo kwamba usomaji upya utaanza na picha za karibuni na kurudi nyuma, na kwamba wahusika watajulishwa kwa barua.

Hakuanza na za karibuni. Alitafuta jina moja, akalipata. *Tausi Mwinyikombo, Pongwe. Pini za ushungi, tatu.* Akaifungua picha mbichi, ambayo hakuna jicho la mwanadamu lililowahi kuiona. Aliitazama kwa muda. Vijiti viwili vilikuwa mahali pa pini. Cha tatu hakikuwa mahali pa pini.

Alichukua simu. Angeweza kuingoja ile barua. Iliita mara nne, na kwa mbali, mtu alipopokea, zilisikika sauti za watoto na kuku.

"Hodi," alisema Saumu. "Namtafuta Bi Tausi."

"Ndiye mimi. Subiri kidogo, nimeshikiwa simu na mwanangu, aisogeze." Pakawa na mkwaruzo. "Haya, nakusikia."

"Assalamu alaykum, Bi Tausi. Naitwa Saumu Shekiondo, wa chumba cha picha. Uliniambia vidole vyako vinawaka, nami nikakujibu kuwa ganda hubana. Nimekupigia simu nikwambie nilichokificha kwa mkono wa mashine."